Silaha zinahesabiwa, vichwa vya waliozishika havihesabiwi

Beni, Kivu ya Kaskazini – Kila mara kundi la vijana linaposhuka kutoka porini kujisalimisha, sherehe ni ile ile. Bunduki zinapangwa juu ya turubai, mkubwa wa jeshi anazihesabu mbele ya waandishi wa habari, shefu wa kijiji anasema maneno mawili, picha zinapigwa, watu wanapiga makofi. Jioni redio zinatangaza: AK-47 kadhaa, roketi moja, risasi kadhaa. Hakuna anayetangaza ni wangapi kati ya vijana wale ambao hawajalala usiku mzima tangu mwaka jana.

Hesabu hiyo inakosekana pia kwa askari wa serikali. Askari akikatwa mguu, kila mtu anaona gongo lake na anajua alikuwa vitani. Akirudi na miguu yote miwili lakini akili yake imebaki kule kwenye handaki, anaitwa mlevi, mkorofi, mwoga, au anasemwa kwamba amerogwa. Serikali haina haya ya kumtuma mbele. Ina haya ya kumwuliza analala namna gani.

Mashariki ya Kongo imeingia vitani tangu mwaka 1996. Kadogo wa AFDL aliyekuwa na miaka 12 alipoanza kutembea kwa miguu kuelekea Kinshasa, leo ni baba wa watu, amepita miaka arobaini. Baada ya Mobutu kuanguka, Mei 1997, alipumzika mwaka mmoja tu. Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Kisha mapatano ya 2002, serikali ya mpito ya 2003, kuchanganywa kwa waliokuwa maadui katika jeshi moja, CNDP, M23 ya kwanza, ADF, M23 ya pili. Mtu wa namna hiyo yuko katika kila kambi ya jeshi na katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri. Amebadilisha sare mara tatu au nne. Makamanda wengi wamemwuliza namba yake ya jeshi. Aliyeketi naye na kumwuliza aliona nini na kinamsumbua vipi, hayupo.

Ugonjwa wenyewe una jina. Waganga wa akili wanasema ni ugonjwa wa kiwewe, barabarani watu husema tu "ana troma". Si laana na si kichaa cha kuokota taka sokoni. Ni hivi: jambo la kutisha limepita, lakini mwili unakataa kuamini kwamba limepita. Usiku mtu anarudi palepale, anasikia milio, anaona sura za wenzake, anaamka amelowa jasho na mikono inatafuta bunduki ambayo haipo. Mchana, ngurumo ikipiga juu ya mabati, anajitupa chini ya kitanda, ama anamrukia aliye karibu. Motari akipita na pikipiki inayolipuka moshi, moyo unamwenda mbio robo saa nzima. Harufu ya nyama inayoungua jikoni inamfukuza nyumbani. Hapiti tena njia fulani, haendi tena matanga, hakai na watu wengi, na akikaa lazima mgongo wake uwe ukutani na macho yake yawe mlangoni.

Na kuna upande mwingine ambao wake za askari wanaujua vizuri kuliko munganga yeyote. Baba ya watoto amekuwa mtu mwingine. Chumvi ikizidi kidogo kwenye sombe, sahani inaruka. Ama hakasiriki kabisa, hafurahi kabisa: mtoto amezaliwa, anaangalia kama anaangalia jiwe, mama yake mzazi amekufa, halii. Watu wanasema ana roho mbaya. Kumbe roho imefungwa ili isisikie, na ikifungwa hivyo haichagui, inaacha kusikia mabaya na mazuri pamoja.

Si kila aliyepita vitani anaugua hivyo. Wengi hutikisika kwa siku au wiki chache, kisha usingizi unarudi, kazi inarudi, kicheko kinarudi, hasa kama mtu yuko na ndugu zake na ana kitu cha kufanya. Lakini dalili hizi zikipita mwezi mzima na kumzuia mtu kuishi, hapo ni ugonjwa, na ugonjwa hutafutiwa dawa.

Wengi wanajitafutia wenyewe, kwenye chupa. Kasiksi asubuhi, kanyanga jioni, bangi katikati, kwa sababu ndivyo vitu pekee vinavyopatikana kila kona bila karatasi ya munganga na vinavyozima kichwa kwa saa chache. Kijiji kinaona pombe, hakioni kile ambacho pombe inafunika. Kisha kijana anafukuzwa kwenye kazi ya kupasua mbao, anafukuzwa kwa wazazi, anafukuzwa kanisani, na wote waliomfukuza wanashangaa siku moja wakisikia amerudi porini.

Kuhusu makanisa lisemwe wazi, hata kama wengine watachukia. Maombi hayakatazwi na mtu, na kuna wachungaji na mapadri waliowabeba watu wa namna hii kwa uvumilivu ambao serikali haijawahi kuuonyesha. Kinachopaswa kukatazwa ni chumba cha maombi ambamo mgonjwa anafungwa mnyororo mguuni, anafungishwa siku nyingi bila chakula, anachapwa ili pepo watoke. Mtu ambaye tatizo lake ni kwamba aliwahi kufungwa na kupigwa porini, mnamfunga na kumpiga tena! Halafu akipiga kelele mnasema pepo wamejibu.

Jeshi lenyewe lina neno lake: woga. Hapa inafaa kuangalia nchi nyingine kidogo, kwa sababu kosa hili si la Kongo peke yake. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake wenyewe kwa kutoroka, kwa woga na kwa makosa mengine ya namna hiyo. Baadhi yao walikuwa vijana waliokuwa wakitetemeka, hawasikii amri, hawajui wako wapi, baada ya miezi ya mabomu. Ilichukua karibu miaka tisini. Mwaka 2006 Uingereza iliwapa msamaha 306 kati yao, wakiwa mifupa zamani. Na ugonjwa wenyewe uliandikwa rasmi kwa jina lake la leo katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, baada ya askari waliorudi kutoka Vietnam kupiga kelele kwa miaka.

Sasa turudi nyumbani. Machi 2024 serikali ya Kongo iliondoa kizuizi kilichokuwa kinasimamisha utekelezaji wa hukumu ya kifo. Tarehe 3 Mei 2024, mahakama ya kijeshi mjini Goma iliwahukumu kifo wanajeshi wanane, maofisa wakiwemo, kwa woga na kukimbia mbele ya adui. Mwanzoni mwa Julai mwaka huohuo, kule Alimbongo katika eneo la Lubero, wengine 25 walipewa hukumu kama hiyo.

Raia wengi walipiga makofi, na sababu yao inaeleweka. Askari akikimbia, kijiji kinabaki wazi. Wako waliokimbia wakipora njiani, na mwizi mwenye sare ni mwizi. Hakuna anayedai kwamba kila anayetupa bunduki ni mgonjwa. Lakini askari anayekaa mstari wa mbele miezi na miezi bila kubadilishwa, mke na watoto wake wakiwa nyuma yake mita chache chini ya hema, mshahara umechelewa, wenzake wamezikwa bila jeneza, halafu siku moja miguu inakimbia kabla kichwa hakijaamua: huyo alipaswa kuonwa na munganga kabla hajaonwa na mwendesha mashtaka. Sheria namba 13/005 ya Januari 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi ipo, na serikali inaijua vizuri inapodai utii. Iijue pia inapofika kwenye afya. Na afya haiishii shingoni.

Baada ya M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, mamia ya wanajeshi na polisi walionyang'anywa silaha walibaki wamejifungia katika kambi ya MONUSCO pamoja na familia zao, hadi Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulipoanza kuwasindikiza kuelekea Kinshasa, mwishoni mwa Aprili. Miezi mitatu ndani ya ua, adui nje ya ua, watoto wakisikia yote. Watu hao wako mahali fulani leo. Wengine wanarudishwa kazini. Swali la usingizi wao ni swali la usalama wa taifa, si la huruma tu.

Lakini kuna sauti ambayo haiwezi kurukwa, kwa sababu ndiyo yenye haki kubwa kuliko zote. Ni ya mama aliyekimbia Eringeti au Mbau na kufika Oicha au Beni na watoto wanne na sufuria moja. Yeye anasema: aliyeshika bunduki ndiye aliyenifukuza. Mtoto wangu anakojoa kitandani tangu usiku ule, hasemi, akisikia panga likikata kuni anajificha, na hakuna aliyemwandikia dawa. Leo mnataka nimwonee huruma yule mwenye bunduki? Kwanza yeye, mimi baadaye?

Anayemjibu mama huyu kwa haraka hajamsikia. Ana haki. Tangu mauaji ya eneo la Beni yalipoanza mwaka 2014, kambi za wahami zimepokea maharage, maturubai na hotuba, lakini anayekuja kuongea na watoto ni nadra, na akija, mradi unaisha baada ya miezi sita naye anaondoka na gari lake. Na zaidi ya mara moja wahami wameona aliyewatendea vibaya akipewa kitanda, chakula na pesa za kuanza maisha kwa sababu tu alikuwa na silaha ya kurudisha, huku wao ambao hawakuwa na cha kurudisha wakibaki kwenye tope. Hasira hiyo haitibiwi kwa mahubiri ya umoja.

Hata hivyo mama huyo anafanya mchanganyiko mmoja, na wanasiasa wanafurahi akiufanya kwa sababu unawapunguzia kazi. Matibabu si msamaha. Munganga anayemfunga bendeji muuaji hajamwondolea kesi. Aliyebaka, aliyechinja, aliyeteketeza nyumba, mahali pake ni mbele ya jaji, na akiwa na akili iliyotulia ataweza kujibu vizuri zaidi kuliko akiwa anatetemeka. Kutibiwa hakufuti kesi, wala kesi haizuii matibabu.

Pili, yule mtu haendi mwezini. Anarudi kwenye avenyu ileile, pengine kwenye nyumba ya jirani, pengine kwenye nyumba ya mama huyohuyo kama mkwe. Akiwa hajatibiwa, ngumi yake ya kwanza haitampata mkubwa wa kundi lililomwandikisha. Itampata mke wake, kisha mtoto, kisha jirani aliyemdai franka elfu mbili. Wanawake wa kambi za jeshi wanalijua hili, ila wanaambiwa ni siri ya nyumba.

Tatu, na hapa ndipo pagumu: wengi walioshika bunduki walikuwa watoto wa wahami. Kijana anayeitwa leo mpiganaji wa zamani alichukuliwa akitoka shule au akichota maji, akiwa na miaka kumi na tatu, na siku ya kwanza alilazimishwa kufanya jambo ambalo lingemzuia kurudi kijijini. Kati ya mtoto wa kambi anayekojoa kitandani na huyu kijana kuna umbali wa miaka michache na utekaji mmoja. Mnamwekea nani ukuta?

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019: katika maeneo yenye vita, mtu mmoja kati ya watano hivi anaishi na tatizo la afya ya akili la aina fulani. Msikilizaji ahesabu watu wa kaya yake, kisha za jirani. Kwa hiyo muuguzi mmoja aliyefundishwa kushughulikia kiwewe, akikaa kwenye kituo cha afya, mlango wake hauwi wa askari peke yao. Mama wa Eringeti ataingia Jumatatu na mtoto wake, aliyevua sare ataingia Alhamisi. Kinachopigiwa kelele hapa ni mlango huo uwepo.

Na usidhani haujulikani jinsi ya kutibu. Mjini Goma kwenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani pamoja na Wakongo walifanya kazi kwa miaka na wapiganaji waliotoka porini. Waligundua jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: baadhi ya wapiganaji, hasa walioingizwa wakiwa wadogo, walifika mahali ambapo ukatili uliwapa raha, kama mtu anavyozoea pombe. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "samehe na usahau", hujagusa kitu. Kwa hiyo walitumia njia ya kumfanya asimulie maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa. Kamba inatandikwa chini, ndiyo maisha. Ua linawekwa mahali pa furaha, jiwe mahali pa kitisho. Na kwa yale aliyoyatenda yeye mwenyewe kwa wengine, kijiti. Anapita juu ya kamba hiyo siku baada ya siku pamoja na mshauri, anasimulia kila jiwe na kila kijiti hadi mwisho, bila kuruka, mpaka kumbukumbu iache kuwa kitu kinachotokea sasa na iwe kitu kilichotokea zamani. Dalili za kiwewe zilipungua. Na walioshauri hawakuwa maprofesa kutoka Ulaya peke yao, watu wa hapa walifundishwa kuifanya.

Kamba, mawe, maua, vijiti. Nani atasema Kongo haina bajeti ya hivyo?

Kilichokosekana ni uamuzi. Mpango wa kwanza mkubwa wa kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, ule wa CONADER baada ya vita, ulimpa kila mmoja dola 110 za kuondokea, kisha dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, na mafunzo ya ufundi kwa waliobahatika. Fedha iliisha, baiskeli ziliuzwa, wengi walirudi msituni. Ukaja mpango mwingine, na mwingine. Mwaka 2013 wapiganaji waliojisalimisha walipelekwa pamoja na wake na watoto wao hadi kambi ya Kotakoli, mbali kabisa katika Équateur ya zamani. Mwaka uliofuata shirika la Human Rights Watch lilifichua kwamba zaidi ya mia moja wamekufa huko kwa njaa na maradhi, wengi wao watoto. Walikuwa wameitika wito wa serikali wa kuweka silaha chini! Baada ya hapo, anayeshangaa kwa nini vijana wanasita kushuka anajifanya.

Tangu Julai 2021 kuna P-DDRCS, na sera yake mpya ni kwamba aliyeacha silaha arudi kwenye jamii badala ya kuingizwa tena jeshini. Ni sera nzuri kwa karatasi. Lakini "kurudi kwenye jamii" si kushushwa kwenye lori kwenye njia panda na jembe mkononi. Jamii nayo ina kiwewe. Unamrudisha mtu anayeruka akisikia mlio kwenye kijiji kinachoruka kikimwona, na katikati yao hakuna hata muuguzi mmoja wa kuongea na upande wowote.

Na wimbi lingine liko njiani. Tangu M23 iliporudi, maelfu ya vijana wameingia katika Wazalendo, na mwaka 2023 sheria ya akiba ya jeshi ilipitishwa ili kuwapa nafasi. Wamesifiwa kwa nyimbo, wamebebwa kwenye mabega. Wengine hawajafika miaka ishirini. Siku vita vikisimama, na vitasimama siku moja, nyimbo zitakwisha wiki hiyo hiyo, na vijana hao watabaki mitaani na yale waliyoyaona. Anayewaita mashujaa leo aanze kuandaa wa kuwapokea kesho, la sivyo atakuwa wa kwanza kuwaita majambazi.

Kuhusu mahali pa kutibiwa, hali imekuwa mbaya zaidi. Kati ya hospitali za akili zinazojulikana katika Kivu mbili ni Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu, zote mbili zikiwa kazi ya Mabruda wa Upendo. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari. Askari wa serikali anayeugua kichwa Beni au Lubero hawezi kupelekwa huko, na raia anayetaka kwenda anavuka mistari ya vita na vizuizi. Njia moja ni kuleta matibabu chini, kwenye maeneo ya afya. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida kazi hiyo tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita, na wizara ya afya ina mpango wake wa taifa wa afya ya akili. Beni inasubiri wauguzi waliofundishwa na dawa ambazo haziishi baada ya wiki mbili.

Familia isisubiri serikali kwa yote. Aliye na mtu wa namna hii nyumbani asimshtue akiwa amelala. Amwite kwa jina akiwa mbali, asimguse. Asimlazimishe kusimulia mbele ya wageni, na asimkatize siku akianza mwenyewe. Watoto wafundishwe wasimchezee kwa kupasua chupa za plastiki. Pombe isitumiwe kumtuliza. Na akianza kusema kwamba afadhali angekufa na wenzake, akiaga watu bila safari, akigawa vitu vyake, maneno hayo yasichukuliwe kama utani wa askari. Asiachwe peke yake, silaha au sumu ya panya iondolewe nyumbani, na kituo cha afya kiarifiwe siku hiyohiyo, si baada ya ibada ya Jumapili. Kwa askari aliye kazini, mke wake anaweza kwenda kwa padri au mchungaji wa kambi, au kwa munganga wa kikosi, bila kuogopa kwamba anamchongea mume wake. Makamanda nao wakome kumtisha mwanamke kama huyo.

Kuna jambo moja dogo ambalo halihitaji Kinshasa. Vituo vya afya vinaandika katika rejista malaria, kuhara, kikohozi, akina mama waliojifungua. Mtu akija kwa sababu halali usiku, mara nyingi anaandikiwa maumivu ya kichwa na kupewa parasetamoli, na ripoti ya mwezi inapanda kwa munganga mkuu wa eneo la afya ikisema hakuna wagonjwa wa akili. Eneo lisilo na wagonjwa kwenye karatasi, nani atalitumia dawa? Kwa hiyo anayemsindikiza mgonjwa, awe mhami au mke wa askari, aseme neno lenyewe mbele ya muuguzi: tangu vita halali, anaona yaliyopita, anaogopa mlio. Na asiondoke kabla hajaona limeandikwa.